Kibadeni: Mabao yalimpa jina, benchi halikumpa kinga

Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba, vijiwe vya Masasi na Newala huwa na mambo mawili ya kubishania: bei ya mnada, na Simba na Yanga. Bei hupanda na kushuka. Kwa watani kuna hesabu moja ambayo haijaguswa tangu Julai 19, 1977. Simba 6, Yanga 0, na matatu kati ya hayo aliyafunga Abdallah 'King' Kibadeni.

Wazee wa Newala, kule juu kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, hawakuyaona mabao yale. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, mpira wa Dar ulifika Kusini kwa redio. Jumanne Hassan 'Masimenti' alitupia mawili, moja Selemani Sanani wa Yanga akajifunga mwenyewe, lakini jina lililobaki masikioni ni Kibadeni. Miaka mitatu nyuma, 1974, alikuwemo kwenye kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kung'olewa kwa penalti na Mehalla El Kubra ya Misri.

Mchezaji wa namna hiyo angeweza kustaafu, akakaa kibarazani na kusalimiwa mpaka mwisho. Yeye akaenda kukaa benchi, mahali ambapo bao la mwaka juzi halihesabiwi.

Mwaka 1993 akiwa kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka suluhu na Stella. Nani angemwambia shabiki wa Msimbazi siku ile kwamba kombe halibaki? Marudiano Dar es Salaam, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani, Stella wakashinda 2-0. Ikumbukwe kuwa miaka ile timu zetu kufika fainali ya Afrika ilikuwa ndoto. Lakini mashabiki ni watu wagumu: mpaka leo kipigo kile kinasimuliwa kuliko safari iliyowafikisha pale.

Alirudi tena Msimbazi 2013, baada ya kuifanya Kagera Sugar imalize msimu wa 2012/13 ikiwa ya nne. Oktoba 20 mwaka huo akakutana na Yanga kwenye uwanja mpya wa Taifa, uliojengwa enzi za Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, na ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele 3-0: Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili. Kuna mashabiki wa Simba waliozima redio.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha Kibadeni alikuwa kocha wa aina gani. Hakurundika watu nyuma ili kuepuka aibu ya kurudishiwa zile sita za 1977. Aliwaingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian 'Gallas', kiungo kikageuka. Betram Mombeki akafunga, Joseph Owino akafunga, na zikiwa zimebaki dakika chache Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu.

Unadhani ilimsaidia? Kabla mwaka haujaisha kibarua chake kilikuwa kimeota nyasi, na Mcroatia Zdravko Logarusic akakalia kiti. Kibadeni akahamia Ashanti United iliyokuwa ikipumulia mashine. Hakuiokoa, mwishoni mwa msimu ikashuka daraja.

Na hapo ndipo hadithi yake inagusana na Kusini. Timu tatu ziliposhuka, tatu zilipanda, na mojawapo ilikuwa Ndanda FC. Jina la klabu ni la Ndanda, wilayani Masasi, ingawa nyumbani kwake ni Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini. Wanakuchele walianza Septemba 2014 kwa kishindo, wakiichapa Stand United 4-1 kulekule Shinyanga. Wakadumu Ligi Kuu misimu sita.

Katika misimu hiyo walipita makocha kadhaa, wakiwemo Meja mstaafu Abdul Mingange na Malale Hamsini. Walikuja wakafanya kazi, na mambo yalipobadilika wakafungasha virago, kama Kibadeni alivyofungasha Msimbazi. Hilo ni la kawaida kwa kazi yenyewe. Tatizo la Kusini ni kwamba kocha akiondoka, huondoka na daftari lake. Msimu wa 2019/20 Ndanda ikashuka, Kusini ikabaki kuitazama Namungo ya Ruangwa, ambayo nayo imefundishwa na Hitimana Thierry kutoka Rwanda na Hemed Suleiman 'Morocco' kutoka Zanzibar.

Kibadeni mwenyewe hakungoja kupigiwa simu na klabu. Alianzisha kituo cha kulea vijana Chanika, Dar es Salaam, ambako hakuna mwenyekiti wa kumtimua baada ya sare mbili. Wachezaji waliopita Ndanda wapo, na umri wa kushika filimbi wengine wameshaufikia. Lakini leseni ya ukocha inataka ada, nauli na siku za kukaa darasani, na mikorosho nayo inasubiri kupuliziwa dawa. Kwa sasa, kijana wa Newala anayetaka kufundishwa kwenye kituo cha aliyewafunga Yanga matatu ana siku nzima ya kukaa kwenye basi.