Anatoa Juu kwa Nani?

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Hata hivyo, sisi walimu huisifu methali hii kuliko tunavyoitii.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja hapa Kakamega, mwanafunzi wa kidato cha pili alitafsiri maneno ya Kiingereza 'give up' kuwa 'kutoa juu'. Darasa zima liliangua kicheko. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikacheka pamoja nao. Kijana akauliza kwa upole: "Mwalimu, huyo mtu anatoa juu kwa nani?" Nikamwambia akariri tu kwamba maana yake ni kukata tamaa. Muhula ule hakuinua mkono tena.

Nakiri leo kwamba sikuwa na jawabu. Na jawabu lipo, tena la kale. Katika kumbukumbu za watawa wa Peterborough, Uingereza, ambazo habari zake zinakoma mwaka 1154, imeandikwa kwamba Mfalme Stephen aliwatia maaskofu gerezani mpaka wakazitoa ngome zao. Kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Walimtolea mfalme! Neno 'up' hapo halitaji mahali. Laonyesha kwamba tendo limetimia, kama katika 'eat up', yaani kula kitu chote kikaisha. Kutoka kusalimisha ngome, maana ikapanuka: mtu husalimisha cheo, sigara, hatimaye matumaini. Ndiyo sababu Kiswahili huyatafsiri maneno hayo mawili kwa njia nyingi: kusalimu amri, kuacha, kukata tamaa.

Je, lugha yetu haina mafumbo ya aina hiyo? Mwingereza anayejifunza Kiswahili ana haki ya kuuliza tamaa hukatwa kwa kisu gani. Tungemcheka?

Walimu wenzangu, kijana yule hakukosea kwa uvivu. Alilipima kila neno kwa mizani yake. Kosa lake lilistahili kusahihishwa, lakini swali lake lilistahili kujibiwa. Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza. Mwalimu asiyejua na aseme, "Nitatafuta," kisha atafute kweli. La sivyo, tutakuwa tukiwafundisha watoto wetu maana ya kukata tamaa kwa vitendo.