Timu ikiachwa nyuma, maumivu ya kifua hayasubiri

Wiki hii najibu swali la binti Mtanzania anayeishi na baba yake Boston, Marekani. Mzee ana shinikizo la juu la damu, na tangu ahamie huko amenogewa na mchezo wa besiboli. Kila Oktoba, zikianza mechi za mtoano, nyumba haina amani. Timu yake ikiachwa nyuma hali chakula, dawa ya jioni inasahaulika, na ukimsemesha anafoka. Binti anataka kujua kama hasira ya mchezo inaweza kumdhuru mtu kweli.

Inaweza. Ila kinachonitisha zaidi ni kile kiti anachogoma kuinuka.

Kwa usioujua mchezo huu, besiboli haina dakika tisini. Ina awamu 9, na timu zikiwa sare huongezwa awamu nyingine hadi mshindi apatikane. Katika hatua za mwisho za mtoano, timu mbili hukutana mpaka moja ifikishe ushindi wa mechi 4. Mshabiki anaweza kuteseka wiki nzima, usiku kwa usiku.

Wenyeji wa Boston hawajasahau Oktoba 2004. Timu yao, Red Sox, ilipoteza mechi 3 za kwanza mbele ya mahasimu wao New York Yankees, ya tatu kwa 19-8, tena nyumbani. Mechi ya 4 walikuwa nyuma hadi awamu ya 9, wakasawazisha, wakashinda awamu ya 12, saa saba usiku ikiwa imeshapita. Jioni iliyofuata wakarudi uwanjani na kucheza awamu 14, mchezo wa saa 5 na dakika 49. Walishinda mechi zote 4 zilizobaki, kisha wakatwaa ubingwa walioukosa tangu 1918. Kwa mshabiki ni hadithi tamu. Mimi daktari naangalia hizo saa.

Timu ikielemewa, mwili wako haujui kwamba umekaa sebuleni. Unamwaga adrenalini kana kwamba unafukuzwa na mbwa. Mapigo ya moyo yanapanda, mishipa inabana, presha inaongezeka. Huko Montreal, Canada, watafiti waliwapima mashabiki wa hoki ya barafu wenye afya njema. Waliotazama kwenye televisheni mapigo yao yalipanda kwa wastani wa asilimia 75, na waliokuwa uwanjani yaliongezeka zaidi ya maradufu. Katika Kombe la Dunia la 2006, dharura za moyo katika eneo la Munich zilifikia takriban mara 2.7 ya kawaida siku ambazo Ujerumani ilicheza. Karibu nusu ya walioathirika walikuwa na ugonjwa wa moyo tayari. Mashabiki wa Simba na Yanga msicheke, moyo ni ule ule.

Sasa turudi kwenye kiti. Watafiti walipoangalia hospitali za eneo la Boston katika mtoano ule wa 2004, waliona kwamba mechi zilizotazamwa na watu wengi zaidi ziliendana na idadi ndogo ya wagonjwa katika idara za dharura. Siamini kwamba watu walipona kwa kutazama televisheni. Nadhani wapo waliojiambia, ngoja awamu hii iishe.

Kusubiri huko kuna gharama. Mtu akipata kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hilo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima apigwe picha ya ubongo. Mechi ile ya awamu 14 ilizidi muda huo. Katika mshtuko wa moyo, kila dakika ya kuchelewa msuli unazidi kufa.

Kwa hiyo, binti, mpe baba dawa yake na chakula kabla mchezo haujaanza, kwa sababu ukishaanza hakusikii. Bia na sigara viwe mbali. Timu zinapobadilishana zamu ya kupiga mpira, mwinue atembee kidogo. Akilalamika kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi, jasho la baridi au pumzi kukata, piga simu ya dharura hapo hapo. Fanya hivyo pia mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawasikii maumivu makali, bali uchovu wa ghafla na kichefuchefu tu. Usimwache aendeshe gari mwenyewe. Na usibishane naye kuhusu matokeo, mwambie atasimuliwa.

Binti ameongeza kwamba mjukuu wa miaka 6 hujificha chumbani babu akianza kupiga meza. Mtoto wa umri huo hajui kwamba babu amekasirikia timu. Anaweza kudhani yeye ndiye amekosa. Mwambieni waziwazi, babu mwenyewe akiweza, kwamba hasira ile haimhusu. Mechi zile huanza usiku na asubuhi kuna shule, kwa hiyo alale kwa saa yake ya kawaida, hata timu ikiwa nyuma kwa alama moja tu.