Usikope kwa ajili ya fataki, nunua stendi kwanza!

Kabla hatujafika mbali tuelewane: fataki ninazozizungumzia wiki hii ni zile za angani, zinazolipuka usiku wa kuamkia mwaka mpya watu wakapiga vigelegele. Sio yule Fataki wa matangazo ya redio, mzee mwenye gari na kitambi anayewavizia wanafunzi kwenye kituo cha daladala. Huyo akipigwa picha apelekewe mkewe, basi.

Nina neno na vijana wenzangu wanaotafuta riziki kwa kamera. Kila ikikaribia Desemba, mitaani zinaanza hadithi za mikopo. Utamsikia mtu anasema, "Mshikaji, kamera yangu ya zamani, usiku haioni kitu. Lazima nivute mpya." Mshikaji wangu mmoja wa Sinza hakuishia kwenye maneno. Alikopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua kamera ya bei ya pikipiki, akaenda nayo ufukweni tarehe 31 Desemba na kuanza kuifyatua mkononi kama anapiga picha za kipaimara.

Asubuhi akaniletea kazi. Jamani! Fataki zilikuwa kama minyoo imemwagwa kwenye lami. Kila mstari umepinda, kila taa ya hoteli imekuwa taa tatu. Mwenye ukumbi aliyemwahidi kuzinunua alizitazama mara moja, akamrudishia na kuagiza soda. Na marejesho ya kikundi ni kila Ijumaa, hakuna cha mwaka mpya wala mwaka wa zamani.

Usiku huohuo, ufukwe uleule, mimi nilikuwa na SLR ya mtumba, ile ambayo maandishi ya kwenye vitufe yameshafutika. Picha zangu zilitoka. Sijidai fundi. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: kamera yangu ilisimama kwenye stendi ya miguu mitatu, ya kwake ilisimama kwenye mkono wa binadamu.

UNAPIGA MUDA, HUPIGI KITU

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ule mwavuli wa moto unaouona angani umeuunda kichwani mwako mwenyewe. Kule juu kuna vipande vidogo vya moto vinavyokimbia kila upande, jicho lako ndio linaviunganisha. Kamera ikifunguka na kufunga kwa kasi ya mchana, tuseme 1/125 ya sekunde, itaambulia vidoti tu.

Ukitaka mistari mirefu iliyochanua, shata libaki wazi sekunde 2, 4, hata 8. Ndani ya muda huo kila kipande kinajichora chenyewe. Umeshawahi kumwona mtoto akizungusha kinga cha moto gizani mpaka ukaona duara? Mambo ni yaleyale.

Sasa niambie, nani anaweza kushika kamera sekunde 4 bila kutikisika? Moyo unadunda, pumzi zinaingia na kutoka, jirani anakupiga kumbo akishangilia. Hata kamera iwe ya mamilioni, mkono ni uleule uliozaliwa nao. Ndio maana nasema, pesa ya kwanza iende kwenye stendi. Mshikaji wa Sinza alipokuja kuiweka kamera yake kwenye stendi yangu, minyoo ilipotea siku hiyohiyo. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Na simu je? Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuacha shata wazi. Ukiifunga kwenye stendi nayo itakupa kitu. Ukiishika mkononi, tunarudi kwenye minyoo.

STENDI YENYEWE IWEJE?

Chagua nzito. Zile nyepesi kama fimbo za mwavuli zinacheza upepo ukipuliza kidogo. Ukiwa Coco Beach usiisimamishe pale mawimbi yanapofika, maana maji yakirudi yanakomba mchanga chini ya miguu na stendi inazama taratibu huku wewe umetazama juu. Panda kwenye ardhi ngumu, au ichimbie miguu mpaka igome. Halafu chukua mfuko, ujaze mchanga, uning'inize katikati ya stendi. Uzito wa bure, mchanga haununuliwi! Na ile nguzo ya katikati usiipandishe juu, inayumba.

Usibonyeze kitufe kwa kidole, utaitikisa kamera. Tumia rimoti au waya wa kufyatulia. Kama lenzi yako ina kile kifaa cha kutuliza mtikisiko, kizime, maana kamera ikiwa juu ya stendi chenyewe kinaweza kuleta mtikisiko.

Jambo jingine kwa wenye SLR. Ndani kuna kioo kinacholeta jichoni mwako kile lenzi inachoona. Shata likifunguka kioo kinaruka juu, na dirisha la kuchungulia linakuwa giza tii. Usishtuke ukadhani imekufa. Toa jicho pale, inua kichwa, tazama fataki kama wenzako. Kamera inafanya kazi, wewe unakula sherehe. Raha iliyoje!

NAMBA ZA KUANZIA

Weka ISO 100. Tundu la lenzi weka f/8 au f/11. Muda anza na sekunde 3. Fokasi iwe ya mkono, maana ile ya kujiendesha gizani inahangaika kama mtu anayetafuta funguo umeme umekatika. Baharini Dar kuna meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini. Zilenge taa zake mpaka zikae kali, kisha bandika selotepu kwenye lenzi isisogee. Ukiigusa tena, shauri yako.

Nimeona watu wanapandisha ISO mpaka 3200 eti kwa sababu ni usiku. Wapi! Fataki ni moto, sio giza. Ukipandisha namba hiyo unapata chenga kama televisheni isiyo na antena, na rangi zote zinaungua.

Siri ni hii: mwanga wa mstari wa fataki unaamuliwa na tundu pamoja na ISO. Muda unaamua wingi wa fataki na urefu wa mistari yake. Kwa nini? Kwa sababu kile kipande cha moto hakikai mahali pamoja, kinapita na kwenda zake. Kinachozidi kung'aa kadiri unavyoacha shata wazi ni vitu visivyotembea, kama majengo na taa za barabarani. Kwa hiyo fataki zikiwa nyeupe mno, punguza tundu liende f/16. Majengo yakiwa meupe mno, punguza sekunde. Ukielewa hilo, umemaliza nusu ya kazi.

Rangi nazo zina mwenyewe. Nyekundu inatokana na madini ya strontiamu, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni, na bluu ni shaba. Bluu ndio inayowatesa watengenezaji wa fataki kuliko zote. Mwanga ukizidi kwenye kamera yako, rangi hizo zote zinakuwa nyeupe kama unga wa sembe, na ile bluu ya taabu imekwenda na maji.

Flashi zima kabisa. Mwanga wake unafika mita chache tu. Hautafika angani, lakini utakupa picha safi sana ya kisogo cha jirani.

MTAZAME MUUZA MISHIKAKI

Adui wa fataki ni moshi wake mwenyewe. Desemba na Januari pwani yetu ina upepo wa kaskazi. Upepo ukitoka zinakorushwa kuja kwako, baada ya dakika tano unapiga picha ya ukungu. Tafuta mahali ambapo upepo unakupiga mgongoni au unapita ubavuni, moshi uondoke zake. Hujui unakotoka? Mtazame muuza mishikaki. Moshi wake hausemi uongo.

Na usingoje ziwe nyingi ndio uanze. Fataki za mwanzo ndizo safi, anga bado halijachafuka. Zile za mwisho zinarushwa kwa fujo, zote kwa mpigo. Hapo punguza tundu au fupisha muda, la sivyo utapata wingu jeupe tu.

Ukikaa kwenye gari lenye kiyoyozi kisha ukatoa kamera kwenye joto la Desemba, lenzi inajaa mvuke palepale. Itoe garini mapema ikiwa bado ndani ya begi, izoee joto taratibu. Zikibaki dakika mbili kufika saa sita usiku sio wakati wa kufuta lenzi kwa shati.

Unataka mazoezi kabla ya Desemba? Sikukuu ya Diwali ya ndugu zetu Wahindu inaangukia Oktoba au Novemba, usiku usio na mwezi, kwa hiyo anga ni jeusi kabisa. Nenda maeneo ya mahekalu ya Kisutu, omba ruhusa kwa wenyeji, ujifunze. Unguja wao wanaziita fashifashi, na zimewahi kurushwa usiku wa kuamkia Sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari. Nauli ya boti hiyo ni bora kuliko riba ya mkopo.

FUNGUA, NGOJA, FUNGA

Saa ikifika, fungua shata pale fataki inapoanza kupanda, ngoja ichanue, ififie, funga. Ukiwa na waya wa kufyatulia, tumia ile alama ya B, inayoacha shata wazi mpaka uamue mwenyewe. Usifuate mlio. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa umbali wa kilomita moja, mlio unakufikia karibu sekunde 3 baada ya mwanga. Ukingoja "puu!" umeshachelewa. Fuata jicho.

Kuna ujanja wa wazee wa enzi za mkanda. Shata likiwa wazi, wanafunika lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa. Fataki ikipanda, kofia inatolewa. Ikififia, inarudishwa. Hivo picha moja inabeba fataki nne tano zilizolipuka kwa nyakati tofauti. Kofia tu, ndugu yangu! Hakuna duka linalouza ufundi huo kwa mkopo.

VIBAKA NA DOLA

Wewe umetazama juu, begi liko chini. Kibaka naye hana haja ya fataki. Nenda na mwenzako, kamba ya begi ipitishe kwenye mguu wako, lenzi ya akiba usiiache juu ya mchanga. Kamera ya mtumba nayo inauma ikiibiwa.

Kila mwisho wa mwaka polisi hukumbusha watu wasichome matairi barabarani na wasilipue baruti na fataki bila kibali. Wewe piga picha za zilizoruhusiwa, ukae mbali na wanaofyatua vya kwao uchochoroni. Fataki iliyogoma kulipuka usiiokote, hata kama unataka kuipiga picha kwa karibu. Vidole ndivyo vinavyobonyeza kamera. Na ukiwa maeneo ya Magogoni, kumbuka Ikulu iko pale. Usisimike stendi na kuelekeza lenzi huko halafu ukaniita mimi nije kukutoa ndani.

PESA IKO CHINI, SIO JUU

Hili wenye mikopo hawalijui. Picha ya fataki peke yake hainunuliki, kwa sababu fataki za Dubai, za Sydney na za kwetu, ukikata kipande cha anga tu, zinafanana. Mtu ananunua mahali na watu. Weka ngalawa, weka minazi, weka jengo ambalo mtu atalitambua, weka umati uliosimama. Anga liwe juu, maisha yawe chini.

Kwa sekunde 3 anayetembea atapotea kama jini, anayetulia atabaki. Na nani anatulia saa sita kamili usiku wa mwaka mpya? Wapendanao waliokumbatiana! Hao hawatikisiki hata tetemeko lipite. Ila waombe ruhusa kwanza, maana unaweza kukuta kila mmoja ana kwake, ukawa umepiga picha ya kesi. Wakikubali, chukua namba zao, waoshee picha kubwa, peleka mapema Januari kabla ada za shule hazijamaliza mifuko ya watu. Usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kurudisha gharama ya stendi.

Kijana mwenzangu, onesho lenyewe ni dakika chache na halirudiwi mpaka mwaka mwingine. Mkopo ni miezi kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe. Kama unayo SLR yoyote inayofungua na kufunga, usiguse pesa ya kikundi. Tafuta stendi nzito, kofia nyeusi na mfuko wa mchanga, halafu uje Januari tulinganishe picha na hao wa kamera za bei ya pikipiki.

Haya, tukutane wiki ijayo hapahapa, panapo majaliwa. Wasalimie wa kwenu!