Unene Si Akiba: Lishe Baada ya Jeraha la Ubongo
Ndugu wengi hudhani kuwa majeruhi mnene ana akiba mwilini, hivyo aweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Dhana hiyo ni hatari. Baada ya jeraha kubwa la ubongo, mwili hutumia nishati nyingi kuliko kawaida na huvunja misuli yake, hata kwa mtu mnene. Miongozo ya tiba huelekeza kwamba mahitaji ya msingi ya nishati yatimizwe kufikia siku ya 5, au ya 7 ikichelewa sana. Asiyemeza salama alishwe kwa mpira wa puani. Uji wa kulazimishwa kinywani huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kupunguza uzito kusubiri apone, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe.