Ng'ombe wa Kokoto

Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kutoka maboma yao ya Olkaria, karibu na Naivasha, kupisha mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Walijengewa kijiji kipya, RAPland, chenye nyumba za kudumu na shule. Malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia, na usuluhishi ukafanywa.

Shule hujengwa kwa fedha. Mchezo wa mtoto hauhitaji fedha. Mtoto wa Kimaasai hupanga kokoto chini, kila moja ng'ombe wake, akazizungushia boma. Wetu wa pwani hupika mchanga kwa vifuu. Kuhesabu, kusimulia na kugawana, yote yamo humo kabla ya daftari la kwanza.

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, wamtaka mzazi ashirikiane na mwalimu. Nasi, tukiri, hukesha tukimtengenezea mwana kazi aliyopewa yeye!

Baada ya Alasiri tuketi naye jamvini. Tumuulize wali huu ni wa wageni wangapi, nani hajala. Akisema chumvi imezidi, tumsadiki.