Chumvi Huila Mashine Ikiwa Imelala

Mwezi wa Novemba 2023, mto Tana ulipofurika na kuikata barabara baina ya Garissa na Madogo, safari iliyozoeleka kwa gari ikawa ya boti. Wagonjwa, wanafunzi na magunia ya unga, vyote vilivushwa kwa mashine. Mafuriko yakarudi, na tarehe 28 Aprili 2024 boti ikapinduka Kona Punda, watu wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba mashine ndiyo iliyokuwa sababu. Lakini siku hizo ndugu zetu wa Garissa walionja lile ambalo watu wa pwani wameishi nalo daima: uhai wa abiria ni amana iliyo mikononi mwa nahodha, na mashine ni sehemu ya amana hiyo.

Mto huo unaopita Garissa humwaga maji yake baharini, Kipini. Kule juu maji ni matamu lakini yana tope. Huku chini yana chumvi. Tope husaga pampu ya mashine polepole. Chumvi ni adui mkubwa zaidi, kwa kuwa hufanya kazi yake watu wakiwa wamelala.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Mashine huyavuta maji hayo kwa pampu yenye mapezi ya mpira, huyapitisha katika njia nyembamba ili ipoe, kisha huyatoa nje. Ikizimwa, maji yaliyosalia ndani hukauka na chumvi hubaki. Chumvi hiyo huziba njia na kuila aluminiamu kidogo kidogo. Kisha siku moja, katikati ya mawimbi ya kusi, mashine hupata joto kupita kiasi na kuzima.

Dawa yake si ghali. Kila baada ya safari ya baharini, mguu wa mashine utiwe ndani ya pipa la maji matamu, maji yapite juu ya matundu ya kuvutia. Mashine iwashwe bila gia, kwa mwendo mdogo, kiasi cha dakika 10, na itazamwe kama inatema maji vizuri. Isiwashwe kamwe pakavu, kwani mapezi ya pampu huungua upesi. Ikizimwa, isimamishwe wima maji yote yachuruzike, kisha ipanguswe kwa nje na viungo vyake vitiwe grisi.

Kuna pia kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine. Kikifikia nusu, kibadilishwe, wala kisipakwe rangi, maana rangi hukizuia kufanya kazi. Oyili ya gia nayo ichunguzwe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na fundi aitwe kabla ya safari nyingine.

Kina mama, jambo hili linatuhusu. Katika nyumba nyingi za pwani, maji matamu huchotwa kisimani, hukingwa darini mvua inaponyesha, au hununuliwa, na sisi ndio tunaoyapimia matumizi. Ni rahisi kuona pipa la mashine kuwa ni israfu. Lakini pipa hilo ndilo karo ya watoto, ndilo kitoweo cha kesho, na ndilo linalomrudisha baba nyumbani kabla ya magharibi. Basi tulitengee fungu lake, na mvulana wa nyumbani afunzwe kazi hiyo mapema.

Wafugaji wa Garissa wanajua kwamba ngamia hufungwa kwanza, tawakali ikafuata. Na mashine ioshwe kwanza, kisha tumwombe Mola awalinde wasafiri wetu, wa mtoni na wa baharini. Amin.