Mwanafunzi wa kigeni hujifunza Kiswahili kipi Kisumu?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, vyuo vya Marekani na Ulaya vinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, baadhi ya wanafunzi wao hufunga safari ya Afrika Mashariki kuja kujifunza Kiswahili. Aghalabu huelekea Arusha, au Zanzibar, ambako taasisi ya kuwafundisha wageni lugha hii ilianzishwa mwaka wa 1978 na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wapo hata hivyo wanaofika Kisumu, hasa wanaosomea afya, kwa kuwa eneo la ziwa lina malaria nyingi na taasisi ya utafiti wa matibabu, KEMRI, ina kituo chake Kisian, nje kidogo ya mji.

Hawa huwekwa katika nyumba za wenyeji kwa majuma kadhaa. Asubuhi huhudhuria darasa la Kiswahili, na jioni hurudi kwa "mama" na "baba" waliopewa. Matumaini ni kwamba yale ambayo mwalimu hakuyamaliza ubaoni yatamaliziwa mezani.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Katika nyumba nyingi za Kisumu, lugha ya mezani ni Dholuo. Mgeni aliyekariri "habari za asubuhi" tangu alipokuwa ndani ya ndege huamkiwa kwa "oyawore", na akishukuru husikia "erokamano". Kiswahili kimekuwapo mjini tangu reli ilipofika mwaka wa 1901 ikiwa na wafanyakazi na wafanyabiashara wa kila kabila, lakini makazi yake yamekuwa sokoni, stendi na ofisini zaidi kuliko jikoni.

Ikumbukwe pia kuwa Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa shuleni pale mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Waliomaliza masomo kabla ya hapo walikiokota njiani, kila mmoja kwa bahati yake. Hivyo katika nyumba moja nyanya, ambaye Waluo humwita dani, huzungumza Dholuo. Wazazi huchanganya Dholuo, Kiingereza na Kiswahili cha mjini. Na mwenye Kiswahili cha vitabuni ni mtoto wa darasa la sita.

Isitoshe, Dholuo ni lugha ya Kiniloti, wala haina ngeli kama zetu. Mwanafunzi aliyefundishwa asubuhi kusema "gari langu" husikia jioni "gari yangu", jambo ambalo, kusema kweli, atalisikia Nairobi pia. Dholuo haina sauti za "sh", "z" wala "v", ndiyo maana chumvi ilipoingia katika lugha hiyo ikawa "chumbi", na meza ikawa "mesa". Mzee akisema "sule" badala ya shule, ulimi wake unafuata njia iliyouzoea. Mwalimu anayemwonya mgeni asiwasikilize wenyeji wake kwa sababu hiyo humnyima nusu ya masomo.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote ni ukarimu. Wenyeji wakimwona mgeni anahangaika kutafuta neno, humwonea huruma wakahamia Kiingereza. Yeye naye, akiwa amechoka na jua la mchana, hushukuru moyoni. Majuma sita hupita hivyo, na mwanafunzi hurudi kwao na picha za machweo ya Dunga na Kiswahili kilekile alichokuja nacho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kwa mzaha, ila katika jambo hili ina hekima kamili. Mgeni anayeketishwa sebuleni kama mkaguzi wa shule hasikii lugha. Anayepewa ungo achambue omena, au anayetumwa soko la Kibuye siku ya Jumapili kununua nyanya na sukuma wiki, hulazimika kuuliza bei, kukosea hesabu na kuchekwa. Huko sokoni muuzaji wa Kiluo na mnunuzi wa Kiluhya au Kikisii hukutana kwa Kiswahili, na hakuna mwenye muda wa kumtafsiria mtu. Huko pia hujifunza saa: ukiambiwa mashua itarudi saa mbili asubuhi, usiende ufuoni usiku wa manane. Dholuo huhesabu saa vivyo hivyo, kwa hiyo somo hili nyumba nzima yaweza kumfundisha.

Je, ajifunze Dholuo pia? Kwa maoni yangu, maneno machache ni lazima, kwa heshima ya dani kama si kwa lingine. Barack Obama alipofika Kogelo, Siaya, kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuweza kuongea moja kwa moja na Mama Sarah, aliyefariki mwaka wa 2021. Dada yake Auma ndiye aliyewatafsiria. Auma mwenyewe alikuwa ameishi ugenini kwa ajili ya masomo, kwani alisomea Kijerumani Heidelberg na baadaye akapata shahada ya uzamifu Bayreuth mwaka wa 1996. Aliyejua kwa nafsi yake jinsi lugha ya ugenini inavyomfanya mtu mzima ajione mtoto ndiye aliyeketi kati ya wawili hao.

Familia nazo zina lao. Malipo wanayopewa na waandalizi husaidia chakula na karo, lakini yaweza kuwafanya wamwogope mgeni kama mpangaji wa hoteli na kumpikia chipsi. Mpango mzuri huwaambia wazi tangu mwanzo kwamba hawakulipwa ili wazungumze Kiingereza, na humwambia mwanafunzi kwamba mwalimu wake wa jioni ni yule mtoto wa darasa la sita na daftari lake la insha.

Mtoto huyo hupatikana jioni tu wakati wa muhula, na huwa na kazi zake za shule. Likizo yake ya siku nzima huja Agosti. Wanafunzi wengi wa kigeni huwa wamekatiwa tiketi za kurudi mwishoni mwa Julai.